Sataranji, niqabu na kicheko cha mitandaoni

Mwezi Aprili mwaka 2023, katika mashindano ya wazi ya sataranji ya Kenya jijini Nairobi, kijana wa kiume alijiandikisha kwa jina la mwanamke, akavaa buibui, niqabu na miwani, akawaangusha wachezaji hodari. Kilichomfichua ni viatu vya kiume na kimya chake. Alikiri, akataja shida ya fedha.

Picha zake zilitufikia hadi hapa Stechford, mjini Birmingham, zikisindikizwa na vicheko. Waliosahauliwa ni wanawake. Kitengo chao hutengwa kwa kuwa wachezaji wa kike ni wachache, na zawadi huwavuta; kitengo cha wazi humpokea yeyote. Ninamhofia mwenye niqabu atakayefuata: atakaguliwa viatu kwanza.

Kijana aliondolewa mashindanoni, na aliowashinda wakapewa pointi zake.