Pointi Mbili za Beki: Jinsi ya Kuzisaka Katika Fantasi ya Ligi Kuu

Katika Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, pointi zinazopatikana kwa pesa kidogo zaidi siku hizi hutoka kwa mabeki wa kati na viungo wakabaji. Tangu mchezo huo wa bure uanze msimu wa 2002/03, macho ya wengi yamekuwa kwa wafungaji, na bei zao zinaonyesha hivyo. Meneja hupewa pauni milioni 100 za kubuni anunue wachezaji 15, yaani makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, na haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Mwanzoni mwa msimu wa 2025/26 Mohamed Salah aliuzwa milioni 14.5 na Erling Haaland milioni 14. Aliyewanunua wote wawili alibakiwa na milioni 71.5 za kugawa kwa wachezaji 13, sawasawa na milioni 5.5 kwa kila mmoja. Kwa bei hiyo hapatikani mfungaji wa kutegemewa, ila beki mzuri anapatikana, tena chenji inabaki.

Msimu huohuo kanuni zilibadilika. Beki anayefikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi moja hupata pointi mbili za ziada. Vitendo vinavyohesabiwa ni kuondosha mpira penye hatari, kuzuia shuti, kunasa pasi na kumpokonya mpinzani mpira. Kiungo au mshambuliaji hutakiwa kufikisha 12, lakini yeye huongezewa na mipira iliyopotea anayoiokota. Kwa mara ya kwanza kazi ya beki ilipata thamani hata pale timu yake inapofungwa, na hilo lilikuwa haki iliyochelewa.

Jambo la namna hii lilikwisha kutokea kwenye mchezo mwingine. Fantasi ya besiboli yenye kanuni zinazojulikana leo ilianzia New York mwaka 1980, kwa mwandishi Daniel Okrent na wenzake waliokuwa wakikutana kwenye mgahawa wa La Rotisserie Française. Miongoni mwa hesabu walizoziweka ni beisi za kuiba, yaani mkimbiaji kuchupa kutoka beisi moja hadi nyingine bila mpira kupigwa. Hesabu hiyo ilipewa uzito uleule wa mipira inayopigwa nje ya uwanja, kwa hiyo mchezaji mwepesi asiye na jina kubwa aliweza kuinua timu nzima. Mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani ilipanua beisi kutoka inchi 15 hadi 18 na kupunguza nafasi za mrushaji kumrudisha mkimbiaji nyuma. Beisi zilizoibwa zikapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Waliosoma kanuni mapema waliwapata wakimbiaji wao kabla bei haijapanda.

Kwa wakazi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, Malawi, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe, na kwa ndugu zao walioko mitaa ya Lilongwe kama Area 23, Fantasi ya Ligi Kuu ina faida ya pekee. Haina kiingilio, na ligi ndogo ya marafiki huhitaji namba ya siri tu ili mtu ajiunge. Kambi hiyo ina zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na kwa miaka mingi wapo waliohamishiwa Marekani, Kanada au Australia. Namba hiyohiyo inaweza kuwaweka kwenye jedwali moja aliyebaki Dzaleka, aliyeko Bukavu na aliyekwisha fika ng'ambo. Mchezo wenyewe haupaswi kuchanganywa na kamari ya mechi, kwa sababu hakuna pesa inayowekwa wala inayopotea.

Kosa la kwanza katika kusaka pointi hizi ni kutazama jumla ya vitendo peke yake. Pointi mbili hutolewa mara moja kwa mechi: mwenye vitendo tisa hapati kitu, mwenye 10 anapata mbili, na mwenye 20 anapata mbili zilezile. Chukua mabeki wawili katika mechi nne. Wa kwanza ana vitendo 10, 11, 10 na 12. Wa pili ana 18, 5, 6 na 14. Kila mmoja amefikisha jumla ya 43, lakini wa kwanza ameondoka na pointi nane na wa pili nne. Anayetafutwa basi ni yule anayevuka mstari kila wiki, hata kama hajawahi kufikisha 15.

Nafasi ya uwanjani ndiyo inayoamua mengi. Beki wa kati wa timu inayocheza chini, inayomiminiwa krosi na mipira mirefu, hupata kazi nyingi ya kichwa na ya kuondosha hatari. Beki wa pembeni hufikisha 10 kwa nadra, kwani muda wake mwingi hupanda kushambulia. Timu inayomiliki mpira asilimia 60 au 70 ya muda nayo huwanyima mabeki wake vitendo, ingawa huwapa pointi nne za kutofungwa bao. Marcos Senesi wa Bournemouth, aliyeanza msimu wa 2025/26 kwa bei ya milioni 4.5, alionyesha mapema faida ya kanuni mpya, na James Tarkowski wa Everton ni beki wa aina hiyohiyo, wa kusafisha boksi dakika zote 90. Kwa upande wa viungo, Moisés Caicedo wa Chelsea na Elliot Anderson wa Nottingham Forest hufaidika na mipira wanayoiokota katikati, ambayo kwa beki haihesabiwi.

Hesabu ya mechi moja inaonyesha tofauti. Timu imelala 2-1, na beki wake amecheza dakika zote na kufanya vitendo 11. Anapata mbili za kucheza, anakatwa moja kwa mabao mawili waliyofungwa, anaongezewa mbili za ulinzi, jumla tatu. Kabla ya msimu huo angeondoka na moja. Timu yake isipofungwa, hesabu inakuwa mbili, nne na mbili, yaani nane, na hajagusa lango la mpinzani. Mwenye uwezo wa kufunga kwa kichwa kwenye kona, kama Gabriel wa Arsenal, ana mlango wa tatu wa pointi, kwa kuwa bao la beki ni pointi sita, lakini bei yake nayo iko juu.

Wachezaji hawa wana sifa nyingine inayowafaa watu wenye mtandao wa kubahatisha: hawapumzishwi ovyo. Beki wa kati akiwa mzima huanza kila wiki. Muda wa kufunga timu ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa 6:30 mchana Uingereza hufanya dirisha lifungwe saa 6:00 mchana kwa saa za Malawi kuanzia Agosti hadi mwishoni mwa Oktoba, kisha saa 7:00 mchana, Uingereza wakirudisha saa nyuma, hadi mwishoni mwa Machi. Bukavu na Bujumbura hutumia saa za Malawi, ila Dar es Salaam na Nairobi ziko saa moja mbele, na tofauti hiyo huwaponza wengi wanaoambiana muda kwa simu. Umeme ukikatika au bando likiisha Ijumaa, timu yenye mabeki wa namna hii hupita wiki bila kuguswa.

Usajili nao una mipaka yake. Kila wiki kuna badiliko moja la bure, na yasiyotumika hukusanywa hadi matano. Badiliko la ziada hukata pointi nne. Kumfuata beki wa pointi mbili kwa gharama ya nne ni hasara, isipokuwa atakaa kikosini kwa wiki kadhaa. Bei ikipanda, muuzaji hupata nusu tu ya faida: aliyemnunua beki kwa 4.5 akafika 4.9 atamuuza kwa 4.7. Ndiyo maana kuwahi mapema kuna maana, na kubadilisha mabeki kila wiki hakuna.

Cha kuangalia mwisho ni kadi. Mpokonyaji mipira hupata njano kirahisi, na kila moja hukata pointi. Kwenye Ligi Kuu, anayefikisha njano tano ndani ya mechi 19 za kwanza za timu yake hukosa mechi moja, na 10 kabla mechi ya 32 haijapita humkosesha mbili. Kiungo mkabaji mwenye njano nne mwezi Novemba anahitaji kwenye benchi mbadala ambaye hucheza, kwa sababu nafasi hujazwa yenyewe na wa akiba pale tu huyo wa akiba naye anapoingia uwanjani.