Akina Dada wa Twente: Timu Yao Haikufa



Mwezi huu ukurasa wetu wa michezo unakwenda mbali, mpaka Uholanzi, kwenye mji unaoitwa Enschede. Mji huo uko mashariki kabisa mwa nchi, karibu na mpaka wa Ujerumani, katika eneo la Twente. Zamani watu wake waliishi kwa viwanda vya nguo. Viwanda vikafungwa, kazi zikapotea, lakini mpira ukabaki. Klabu yao ni FC Twente, wenye jezi nyekundu. Ilianza mwaka 1965, timu mbili za mji zilipoungana.

Kwa nini tuwaletee habari za mji wa mbali hivyo? Kwa sababu hapa kambini kila jioni mambo ni yale yale. Wavulana wako uwanjani, wasichana wako bombani na madumu. Msichana akisema na yeye anataka kucheza, anajibiwa: mpira siyo wa mtoto wa kike. Wengine wanaongeza kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, eti kwao wanawake wamecheza tangu zamani. Haya, tuone kama ni kweli.

HATA KWAO WALIKATAZWA

Mwaka 1955 chama cha mpira cha Uholanzi kilikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja vya kuchezea. Sikieni vizuri: viwanja vilikuwepo, wasichana walikuwepo, lakini waliambiwa hapana. Chama kiliwakubali mwaka 1971 tu. Mwaka huo huo, tarehe 17 Aprili, timu ya wanawake ya Uholanzi ilicheza na Ufaransa mjini Hazebrouck, ikafungwa 4–0. Ndivyo walivyoanza, kwa kufungwa.

Yuko mama mmoja anaitwa Sarina Wiegman, aliyezaliwa mwaka 1969. Alipokuwa mdogo wasichana walikuwa bado hawaruhusiwi kucheza na wavulana. Akakata nywele zake zikawa fupi ili afanane na mvulana, akaenda kucheza pamoja na kaka yake pacha. Wazazi wake wakamwachia acheze. Alipokua akawa mwalimu wa michezo shuleni, akachezea timu ya taifa, halafu akawa kocha. Mkumbukeni mama huyu, tutakutana naye tena mbele.

LIGI INAANZA, WENGINE WANAACHA

Ligi kuu ya wanawake ya Uholanzi ilianza mwaka 2007 na timu sita tu. FC Twente walikuwa mojawapo. Msidhani walianza kwa kuoga hela. Wachezaji wengi walikuwa wanasoma au wanafanya kazi, ndipo wanakwenda mazoezini.

Miaka mitatu ya kwanza ubingwa ulichukuliwa na AZ, klabu ya mji wa Alkmaar: 2008, 2009 na 2010. Mara tatu mfululizo! Lakini mwaka 2011 klabu hiyo ikaifunga timu yake ya wanawake. Mabingwa wale wakaambiwa basi, imetosha. Willem II nao wakaacha mwaka huo huo, na mwaka 2014 Utrecht wakafuata. Hapo tunajifunza kwamba timu ya wasichana inaweza kufa hata ikiwa inashinda. Wakubwa wakihesabu hela na kuona hazitoshi, mara nyingi wasichana ndio wa kwanza kuondolewa.

Twente wao hawakuacha. Mwaka 2011 walipata ubingwa wao wa kwanza. Kuanzia 2012 mpaka 2015 Uholanzi na Ubelgiji walicheza ligi moja ya pamoja, na Twente wakaichukua mwaka 2013 na 2014.

Halafu klabu yenyewe ikaingia kwenye madeni. Mwaka 2016 mambo yalikuwa mabaya kiasi kwamba chama cha mpira kilitaka kuishusha daraja timu ya wanaume kwa sababu ya hesabu zake. Ingekuwa rahisi sana kusema tuwaondoe akina dada kwanza. Hawakuondolewa, na mwaka huo huo wakawa mabingwa. Mwaka 2018 wanaume wakashuka daraja kweli, uwanjani. Mwaka 2019 akina dada wakachukua ubingwa tena, kisha 2021, 2022, 2024 na 2025. Tangu ligi ile ianze, hakuna klabu nyingine iliyobeba kombe mara nyingi kuliko wao.

BINTI MKIMBIZI KWENYE FAINALI

Uwanja wa FC Twente unachukua watu kama 30,000. Akina dada huchezea viwanja vidogo mara nyingi, ule mkubwa ni wa wanaume. Lakini tarehe 6 Agosti 2017 ulijaa kwa ajili ya wanawake. Ilikuwa fainali ya Kombe la Ulaya, Uholanzi na Denmark, na watu 28,182 waliingia. Kocha wa Uholanzi alikuwa nani? Ni Sarina Wiegman, yule aliyekata nywele.

Dakika ya 6 Denmark wakapata penalti. Aliyepiga anaitwa Nadia Nadim. Akafunga.

Huyu Nadia ni nani? Alizaliwa Afghanistan mwaka 1988. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, na Taliban walimwua mwaka 2000. Mama yake akabaki na mabinti watano. Wakakimbia wakapitia Pakistan, wakafika Italia, kisha wakapanda lori wakitumaini kufika Uingereza. Waliposhushwa wakakuta wako Denmark. Wakapelekwa kambi ya wakimbizi. Karibu na kambi kulikuwa na uwanja, na Nadia akawaona wasichana wakicheza mpira. Alitamani, akaenda, akapokelewa. Baadaye akachezea timu ya taifa ya nchi iliyompokea. Wala hakuacha shule. Alisomea udaktari huku anacheza, akamaliza mwaka 2022.

Siku ile Enschede Nadia hakubeba kombe. Vivianne Miedema alisawazisha, Lieke Martens akafunga la pili, Pernille Harder akarudisha kwa Denmark. Kipindi cha pili Sherida Spitse, aliyewahi kuvaa jezi ya Twente, akapiga faulo moja kwa moja wavuni. Miedema akamalizia. Uholanzi 4, Denmark 2. Nchi iliyowakatalia wanawake viwanja ikawa bingwa wa Ulaya, na kombe likabebwa katika uwanja wa klabu iliyokataa kuwafukuza akina dada zake.

SISI JE?

Wazazi wapendwa, hatusemi kila binti wa hapa atakuwa Nadia. Tukisema hivyo tutakuwa tunawadanganya. Wengi hawatalipwa hata senti kwa mpira. Tunachosema ni kwamba Nadia asingecheza kama uwanja ule karibu na kambi ungekuwa wa wavulana tu. Na Sarina asingecheza kama wazazi wake wangemfungia ndani.

Tunajua hofu zenu. Njia ya kurudi ina giza, majirani wanasema, maji nyumbani yanahitajika. Hofu hizo ni za kweli, hatuzicheki. Lakini zinazungumzika. Mazoezi yaishe jua likiwa bado juu. Mama mmoja au dada mkubwa awepo pale. Wasichana waende na kurudi kwa kundi. Kaka naye abebe dumu siku mbili kwa wiki, mikono anayo! Na viongozi wa michezo wawape wasichana siku yao kamili, si kuwaachia uwanja pale wavulana wanapochoka.

Vijana wa kiume, hili ni lenu pia. Mpira mmoja unatosha timu mbili kama mnapeana zamu.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwetu, nani anateka maji jioni, na nani anacheza? Tunaweza kubadilishana?

2. Binti yetu akitaka kucheza, tunaogopa nini hasa? Nani anaweza kutusaidia?

3. AZ walifunga timu iliyokuwa inashinda, Twente wakaitunza yao wakiwa na madeni. Sisi tukipungukiwa, nani huwa tunamwondoa kwanza?

Zungumzeni baada ya chakula, watoto wakiwepo. Tukutane mwezi ujao.