Istilahi za Mafunzo ya Ualimu: Mfano wa Mpakani Horohoro

Horohoro, katika Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga, ndipo barabara itokayo Tanga mjini inapoingia Kenya. Ng'ambo ya mpaka ni Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale. Wadigo wako pande zote mbili, na Kiswahili kinawaunganisha na jirani zao. Hata hivyo, msomaji akilinganisha mitaala ya nchi hizi mbili ataona kwamba jambo moja lina majina mawili. Mitaala ya Tanzania iliyoboreshwa mwaka 2023 hutumia neno umahiri. Kenya, ilipoanza kuuacha mfumo wa 8-4-4 mwaka 2017, iliuita mtaala wake mpya mtaala wa umilisi. Katika makala haya tutaeleza kwa nini tofauti hiyo, pamoja na nyingine iliyofichika zaidi, yapasa kuwashughulisha wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Tuanze na hiyo iliyo wazi. Maneno yote mawili yamekusudiwa kutaja uwezo wa mwanafunzi wa kutenda kwa kutumia alichojifunza, badala ya kukariri tu. Lakini neno umilisi lilikwisha kupewa kazi nyingine. Katika isimu, kufuatana na nadharia aliyoieleza Chomsky mwaka 1965, umilisi ni ujuzi wa lugha uliomo akilini mwa msemaji, na utendi ni matumizi ya ujuzi huo. Basi mwalimu anayesoma isimu na kisha mtaala wa umilisi hukutana na neno moja lenye maana mbili zinazokaribia kupingana: kwanza ni kile kisichoonekana, kisha ni kile ambacho hakina budi kuonekana. Kwa sababu hiyo twaonelea kwamba umahiri hufaa zaidi. Hatudai kwamba wenzetu walifute neno lililokwisha kuchapishwa vitabuni na kuzoewa na wazazi. Tunachoomba ni kwamba mfasiri asiyachukue maneno hayo kuwa dhana mbili, na kwamba faharasa zetu ziyaweke bega kwa bega.

Tofauti ya pili imo ndani ya istilahi moja, yaani mafunzo kazini. Istilahi hii huwekwa kinyume cha mafunzo tarajali, ambayo ni ya mtu asiyeanza bado kufundisha. Mgawanyo huo unaonekana kuwa safi, lakini historia yetu wenyewe inaukataa.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi, shida ambayo imezikuta nchi nyingi zinazoendelea. Kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio, na chini ya uangalizi wa waratibu elimu kata. Je, hayo yalikuwa mafunzo tarajali au mafunzo kazini? Walikuwa kazini, na bado hawajahitimu. Istilahi rasmi haikuwa na nafasi yao, na watu wakawapa jina: walimu wa UPE. Jina hilo baadaye liligeuka kuwa kejeli, ingawa wengi wao walijiendeleza na kupanda madaraja. Katikati ya miaka ya 2000, vijana wa kidato cha sita walipopewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa katika sekondari za kata, waliitwa vodafasta, kwa mfano wa vocha ya simu. Mara zote mbili upungufu wa mpango ulibandikwa kwenye jina la mwalimu.

Leo mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unamaanisha jambo jingine kabisa: mwalimu aliyehitimu hujifunza pamoja na wenzake shuleni kwake. Mfasiri akiandika mafunzo kazini pasipo ufafanuzi, afisa anayepanga bajeti hatajua kama anatakiwa kulipia nafasi za chuoni, kuajiri wasiohitimu, au kuwatengea walimu muda wa kukutana shuleni.

Kwa hiyo tunapendekeza, kwa majadiliano, istilahi nne. Mafunzo tarajali yabaki kwa wasioanza kufundisha. Mafunzo sambamba yawe ya wale wanaofundisha huku wakitafuta sifa za kwanza za ualimu. Mafunzo ya kujiendeleza yawe ya waliohitimu wanaorudi chuoni kutafuta sifa ya juu zaidi. Mafunzo endelevu kazini yawe ya waliohitimu wanaojifunza palepale shuleni.

Tunafahamu kwamba istilahi haimfundishi mtu ualimu. Lakini mageuzi ya elimu hutangulia kuandikwa ndipo yatekelezwe, na kilichoandikwa kwa utata hutekelezwa kwa utata. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndipo mahali pafaapo kuzungumzia umahiri na umilisi. Hizo nne za mafunzo tunaweza kuanza nazo sisi wenyewe. Tutafurahi kupokea maoni ya wasomaji, hasa walimu wa mipakani, ambao hukutana na istilahi za nchi mbili kila siku.