Kabla hujauza jezi au medali ya zamani, tafuta ushahidi wake

ARUA, Uganda – Julai 2022, mkanda wa ubingwa wa dunia ambao Muhammad Ali aliutwaa mjini Kinshasa ulipigwa mnada nchini Marekani na kununuliwa kwa dola milioni 6.18. Aliyeuchukua alikuwa Jim Irsay, wakati huo mmiliki wa timu ya Indianapolis Colts. Pambano lenyewe, Ali dhidi ya George Foreman, lilipiganwa alfajiri ya Oktoba 30, 1974, katika nchi iliyoitwa Zaire. Leo mfanyabiashara wa Arua huingia nchi hiyo hiyo kwa boda boda kupitia Vurra, akanunua na kurudi kabla ya jua kuzama.

Mikanda ya namna hiyo haiokotwi sokoni. Lakini jezi, medali, tiketi, mabango, picha na vitabu vya ratiba za mechi vimezagaa katika ukanda huu kuliko watu wengi wanavyodhani, na vingi huuzwa kwa bei ya nguo kuukuu au chuma chakavu. Tumbaku haiuzwi kabla ya kupangwa daraja, wala dhahabu haiuzwi kabla ya kuwekwa kwenye mizani. Kitu cha zamani cha michezo nacho kina daraja lake na mizani yake, ila wachache wanaijua.

Vinatoka wapi?

Njia ya kwanza ni marobota ya mitumba yanayofunguliwa Arua na Koboko, kisha nguo kuvushwa kwenda Ariwara, Kaya na Yei. Ndani yake mna jezi za klabu na timu za taifa za Ulaya, nyingine za miaka ya 1980 na 1990. Nyingi hazina thamani ya pekee. Moja moja ina wakusanyaji wanaoitafuta.

Njia ya pili ni masanduku ya wazee. Katika miaka ya 1970 vijana wengi wa West Nile walikuwa jeshini na polisi, na michezo ya wakati huo iliendeshwa kwa kiasi kikubwa na vyombo hivyo. Simba, timu ya jeshi la Uganda, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972 na kufungwa na Hafia ya Guinea. Mwaka huo huo, mjini Munich, polisi John Akii-Bua alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Mwaka 1978 timu ya taifa, Cranes, ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra na kufungwa na Ghana 2-0. Idi Amin mwenyewe, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika uzani wake kabla ya kuwa rais.

Kisha ikaja 1979. Serikali ilianguka, na maelfu ya watu wa West Nile wakakimbilia Zaire na Sudan. Kilichobebwa ni kile kilichoingia kwenye furushi. Vilivyobaki viliporwa, vikachomwa au vikanyeshewa. Ndiyo maana karatasi au medali iliyonusurika ni adimu, na ndiyo maana pia mara nyingi haina hati ya kuieleza.

Historia ya karibu zaidi nayo inaanza kupata thamani. Dorcus Inzikuru, mzaliwa wa Arua, alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Helsinki Agosti 2005. Ilikuwa mara ya kwanza mbio hizo kuwamo kwa wanawake katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, kwa hiyo bingwa wa kwanza kabisa ni binti wa Arua. Aliyehifadhi picha, magazeti au fulana za siku zile asiviwashie moto wa sigiri.

Bei iko kwenye ushahidi

Mwezi Mei 2022 nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini London iliuza jezi aliyovaa Diego Maradona dhidi ya Uingereza katika Kombe la Dunia la 1986. Bei ilikuwa pauni milioni 7.1. Muuzaji, Steve Hodge, alikuwa mchezaji wa Uingereza aliyebadilishana jezi na Maradona baada ya kipenga cha mwisho. Kabla ya mnada, familia ya Maradona ilidai kuwa jezi hiyo ni ya kipindi cha kwanza, si ile aliyofungia mabao mawili ya kipindi cha pili. Jibu la wauzaji lilikuwa picha: wataalamu walilinganisha alama ndogo ndogo za kitambaa, nembo na namba na picha zilizopigwa uwanjani siku ile.

Kitambaa kilikuwa kile kile kabla na baada ya uchunguzi, lakini bila uthibitisho ule hakuna ambaye angelipa pesa hizo. Hapo ndipo muuzaji wa Arua anapopaswa kuanza. Kabla ya kuuliza bei, ajiulize: naweza kuonyesha nini kwamba kitu hiki ndicho?

Ushahidi una ngazi. Wa juu ni picha ya mchezaji akiwa na kitu hicho siku ya tukio. Unafuata waraka wa wakati ule, kama barua ya chama cha michezo, cheti au gazeti linalotaja jina. Wa tatu ni maelezo ya mtu aliyekuwapo, yakiandikwa na kuapiwa mbele ya kamishna wa viapo. Mzee aliyecheza mwaka 1972 leo ni wa miaka sabini na kitu. Maneno yake yaandikwe sasa, yakiwa na tarehe na sahihi, kwa sababu akifariki ushahidi huo unazikwa naye.

Mtu wa mpakani ana faida moja dhidi ya matapeli: anajua historia ya majina. Nchi jirani ilianza kuitwa Zaire Oktoba 1971 na ikaacha jina hilo Mei 1997. Ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 ilicheza kwa jina la Kongo-Kinshasa, na ilipolitwaa tena 1974 ilikuwa Zaire. Medali ya 1968 iliyoandikwa Zaire ni ya uongo. Pambano la Ali na Foreman lilipangwa kwanza kufanyika Septemba 1974, likaahirishwa baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini, kwa hiyo bango lenye tarehe ya Septemba si kosa la mchapaji. Uwanja siku hizo uliitwa 20 Mei. Tiketi ya 1974 yenye jina Tata Raphaël, ambalo ni jina la baadaye, irudishe kwa mwenyewe. Jezi nazo husema: nembo ya Adidas ya majani matatu ilianza kutumika 1972, kwa hiyo haiwezi kuwamo kwenye jezi ya Kombe la Dunia la 1970.

Usikisafishe

Kosa linaloharibu bei haraka kuliko yote ni usafi. Medali ikisuguliwa kwa majivu au dawa ya kung'arisha, hupoteza rangi yake ya uzee ambayo mnunuzi anaitafuta. Jezi ikifuliwa kwa sabuni ya unga, alama za uwanjani huondoka, na alama hizo ndizo zinazolinganishwa na picha. Tiketi au bango likifunikwa kwa plastiki ya moto, limekwisha. Weka kitu mahali pakavu, mbali na jua na mchwa, ndani ya karatasi safi. Kipige picha mbele, nyuma, lebo na kila doa, kikiwa kando ya rula.

Njia nne za kuuza

Ya kwanza ni kumuuzia dalali papo hapo. Pesa inaingia leo, lakini dalali lazima aache nafasi ya faida yake, na asiyejua thamani ya alichoshika hana la kubishania. Njia hii inafaa kwa vitu vya kawaida, kama jezi za mitumba zisizo na historia ya pekee.

Ya pili ni mnada wa kimataifa. Hapa wanunuzi wanashindana wenyewe, na muuzaji anaweza kuweka bei ya chini ambayo kitu hakiuzwi ikiwa haikufikiwa. Gharama yake ni kamisheni, usafirishaji, bima na miezi ya kusubiri. Ni njia ya kitu adimu chenye ushahidi. Kabla ya kukabidhi chochote, pata mkataba wenye picha, bei ya chini, asilimia ya kamisheni, nani analipa bima, na siku ya malipo.

Ya tatu ni kuuza mwenyewe mtandaoni. Makato ni madogo, ila hatari ni kubwa: ujumbe bandia wa pesa za simu, au mnunuzi anayedai kitu hakikufika. Malipo yapite benki, na kitu kisitoke mkononi kabla benki haijathibitisha.

Ya nne ni kutouza kwanza. Hodge aliikopesha jezi ya Maradona kwa makumbusho ya soka ya Uingereza kwa miaka mingi kabla ya kuiuza. Watu waliiona, ikatunzwa vizuri, na umaarufu wake ukakua huku yeye akibaki mwenye mali.

Mpaka, familia na usalama

Cheti chepesi cha asili ambacho wafanyabiashara wadogo hutumia mipakani kimewekwa kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000. Tiketi ya kale au jezi ya Ulaya haiingii humo kwa urahisi. Kitu cha thamani kitangazwe forodhani kwa thamani yake ya kweli, maana kikikamatwa kwa tamko la uongo, hata ushahidi wa umiliki huanza kutiliwa shaka. Na kabla ya kukitoa Uganda, ulizia Idara ya Makumbusho mjini Kampala kama kinahitaji kibali.

Suala la familia ni gumu zaidi. Kitu cha marehemu si cha yule aliyekikuta uvunguni mwa kitanda. Ni sehemu ya mirathi, na mnunuzi makini ataomba barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Ndugu wakae, wakubaliane kwa maandishi kama kinauzwa, kwa bei gani, na kila mmoja anapata nini. Mnada unaweza kusimamishwa na barua moja ya wakili wa shangazi ambaye hakuulizwa.

Mwisho, funga mdomo. Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974, rekodi kwa mashindano ya mwaka mmoja. Mwaka 1994 alienziwa nchini Tunisia wakati wa mashindano hayo, na aliporudi nyumbani alivamiwa na majambazi waliodhani amerudi na utajiri. Walimpiga risasi. Alinusurika, akaishia uhamishoni Afrika Kusini, ambako alifariki 2019. Kitu chenye thamani kisionyeshwe barazani wala kuwekwa kwenye makundi ya simu pamoja na jina la mtaa. Kikae benki au kwa wakili, na sokoni zitembee picha zake tu.

Wengi watakaofungua masanduku watakuta vitu vya kumbukumbu, si vya mamilioni, na hakuna hasara katika hilo. Hasara ni ya yule anayeuza leo kwa bei ya chakula cha mchana, akasikia mwakani kimepigwa mnada London kikiwa na picha ya baba yake.