Mwendo Mfupi wa Siku ya Kwanza: Kwa Nini Kidhibiti Volteji Hushindwa Kuanza

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka pwani ya Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Hata hivyo, misafara mingi ilikwenda mwendo mfupi tu siku ya kwanza, kisha ikapiga kambi, ili mizigo irekebishwe na wapagazi waizoee. Busara hiyo ya kuanza taratibu yahitajika pia katika chombo kidogo kinachotumika leo katika vijiji vya Tabora vinavyotegemea umeme wa jua.

Paneli ya jua hujaza betri ya volti 12, ilhali vifaa vingi, kama simu za mkononi, huhitaji volti 5. Kazi ya kupunguza volteji hufanywa na kidhibiti cha aina ya swichi. Ndani yake transista huunganisha na kukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Koili na kapasita huulainisha umeme huo wa vipandevipande uwe mtulivu. Kwa kuwa kapasita kubwa hutuliza volteji zaidi, fundi aweza kudhani kwamba kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyofaa. Dhana hiyo ina kikomo.

Kapasita isiyo na chaji ina volti 0. Kwa hiyo, swichi inapowashwa, kidhibiti huiona kana kwamba nyaya zake za kutolea umeme zimegusana, yaani kuna shoti. Tuchukue kapasita ya mikrofaradi 4,700. Ili ifike volti 5 yahitaji chaji ya kulomu 0.0235. Ikijazwa kwa milisekunde 1, mkondo utakuwa ampea 23.5, ikijazwa kwa milisekunde 50, utakuwa ampea 0.47 tu. Chaji ni ileile. Kilichobadilika ni muda.

Sasa tuseme kidhibiti chaweza kutoa ampea 3, na kifaa kilichounganishwa hutumia ampea 2 tangu mwanzo. Ampea 1 tu hubaki kwa ajili ya kapasita, nayo itachukua milisekunde 23.5 kujaa. Iwapo kinga ya kidhibiti huvumilia kwa milisekunde 10 pekee, itaamua kwamba kuna shoti na kukata umeme. Wakati wa mapumziko kifaa huinyonya chaji iliyokwisha kuingia, na kidhibiti kijaribupo tena huanzia sifuri. Hali hii hujirudia kama kwikwi: taa huwaka na kuzimika, volteji haipandi kamwe. Mwenye chombo hudhani kimekufa, akakitupa au akanunua kingine cha aina ileile ambacho nacho hukwama vilevile.

Betri dhaifu au waya mwembamba huzidisha shida, kwa kuwa mkondo mkubwa wa kuanzia huishusha volteji inayoingia, na kidhibiti hujizima kwa sababu hiyo.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: kiondolewe kifaa kinachotumia umeme, kisha swichi iwashwe. Kidhibiti kikiwaka vizuri na kukwama tu kinapobebeshwa mzigo, yafaa kuchunguza mwanzo wake kabla ya kukihukumu kuwa kibovu. Tiba ni tatu. Kwanza, kutumia kidhibiti chenye mwanzo wa taratibu, ambacho hupandisha volteji hatua kwa hatua. Katika mfano wetu milisekunde 50 zitahitaji ampea 2.47 kwa jumla, pungufu ya kikomo cha 3. Pili, kuchelewesha kifaa hadi volteji itimie. Tatu, kupunguza kapasita ifikie kiasi kilichoelekezwa na mtengenezaji, bila kuiondoa kabisa, kwani pasipo kapasita volteji hutikisika na kidhibiti chaweza kuyumba.

Wanafunzi waweza kurudia hesabu hii kwa kapasita ya mikrofaradi 1,000, kisha waeleze kwa nini kidhibiti kilekile sasa hufaulu kuanza kabla kinga haijakata.