Wiki ya Tatu Ndiyo Mtihani

Msomaji mmoja wa Nanyuki ameuliza swali zuri. Utotoni aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini, kama ilivyo desturi ya Wasamburu na Wamaasai wengi wa Laikipia. Sasa anataka kuziba pengo kwa meno ya kupandikizwa. Daktari amemweleza kwamba skrubu itaingia kwenye taya siku moja, ila meno yenyewe yatasubiri miezi mitatu au zaidi. "Kama skrubu imekaza siku hiyohiyo," anauliza, "tunangoja nini?"

Haja yake si ya Laikipia tu. Wadinka na Wanuer waliokimbilia Nebraska, Marekani, nao walitafuta kurudishiwa meno ya chini waliyong'olewa utotoni. Mambo ya ganzi na picha za eksirei nitayaruka, daktari atakueleza. Utamu uko ndani ya mfupa.

Mwaka 1952, huko Lund, Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mtiririko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, hakikutoka: mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 alimwekea skrubu za titani mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, naye akazitumia hadi alipofariki mwaka 2006.

Siri inaanzia kwenye ngozi ya madini hayo. Titani ikikutana na hewa, papo hapo hujivika oksidi nyembamba mno, yenye unene wa sehemu chache tu za milioni ya milimita. Kwa hiyo mfupa haugusi chuma kitupu, bali hugusa vazi hilo, ambalo mwili hauna ugomvi nalo. Damu huganda juu yake, kisha seli za aina mbili huingia kazini. Seli bomozi hula mfupa uliobanwa na kuumizwa na keekee, na seli jenzi huja nyuma yao zikiweka mfupa mpya hadi kwenye nyuzi za skrubu. Ubomoaji hutangulia, na hapo ndipo penye jibu la msomaji wetu.

Mtazame mkulima wa Nyeri akisimika nguzo ya mukungugu ili kiazi kikuu kipande juu yake. Siku ya kwanza nguzo husimama kwa nguvu ya udongo ulioshindiliwa. Mvua zikinyesha, udongo hulegea, na mizizi bado haijaota. Kwa majuma kadhaa nguzo huwa dhaifu kuliko siku iliposimikwa, ijapokuwa imechipua majani na macho yanaiona nzima. Mbuzi akijikuna hapo kila jioni, vimizizi hukatika na nguzo hubaki ikicheza shimoni. Mbuzi akifungwa mbali, baada ya miezi hata fahali hutoka jasho kuing'oa. Kwenye taya mambo hugeuka kidogo: skrubu haina uhai, hivyo udongo ndio unaoota mizizi kuielekea nguzo.

Bonde hilo la udhaifu huwa karibu na wiki ya tatu au ya nne. Maumivu yamekwisha, uvimbe umeshuka, na mwenye taya anaanza kutamani mahindi ya kuchoma. Skrubu ikitikisika kupita takriban milimita 0.15, seli husuka nyuzi laini mahali pa mfupa, na nyuzi hazibebi jino.

Wataalamu huliita tukio hili oseointegresheni. Mimi nachagua "mshiko", kwa kuwa hata mche uliokubali udongo husemwa umeshika. Vijana wa Dar es Salaam watacheka, maana kwao mshiko ni pesa. Wakiona bei ya jino moja watajua hatujaachana mbali.

Mfupa una adui mwingine: joto. Ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja tu, huumia. Ndiyo maana keekee huzunguka polepole huku ikimwagiwa maji baridi ya chumvi. Tena pengo la zamani huwa na taya lililokonda, kwani karibu nusu ya upana wa mfupa inaweza kupotea mwaka wa kwanza baada ya jino kung'oka. Huenda ukahitaji kuongezewa mfupa kwanza. Sigara, kisukari kisichodhibitiwa, ugonjwa wa fizi na baadhi ya dawa za mifupa huvuruga mshiko, kwa hiyo mwambie daktari yote. Hakikisha pia jina lake limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya.

Kisha muulize atajuaje kwamba mfupa umeshika kabla ya kukuwekea jino. Kipo kifaa kinachotetemesha skrubu kidogo na kutoa alama kati ya 1 na 100. Mwenye kifaa hicho ataipima siku ya kwanza, kisha aipime tena kabla ya kukuwekea jino, nawe utaziona alama zote mbili.