Fahamu: Anayeanza shule Kentucky hudaiwa vipimo gani?

Mzazi anayemwandikisha mtoto shule ya umma kwa mara ya kwanza jimboni Kentucky, Marekani, hudaiwa cheti cha chanjo na fomu ya daktari inayothibitisha kuwa mtoto alipimwa afya ndani ya mwaka mmoja uliotangulia. Macho na meno yana nafasi zaidi: mpaka Januari 1 ya mwaka huo wa masomo. Macho lazima yaangaliwe na mtaalamu wa macho. Kusomeshwa herufi za ukutani na nesi hakutoshi.

Kwa familia za Wakongo waliohamia Louisville, kazi iko kwenye chanjo. Kadi ya kliniki ya kambi ya Nyarugusu, Tanzania, itaonyesha surua, polio na pepopunda. Kentucky inataka pia tetekuwanga na homa ya ini aina A, ambazo hazimo katika ratiba ya kawaida ya Tanzania. Dozi mbili za homa hiyo hutenganishwa kwa miezi 6, ila aliyekwisha anza hupewa cheti cha muda, akaendelea na masomo. Na kadi ile kuukuu msiitupe! Bila hiyo, mtoto huenda akachomwa upya sindano zilezile.

Vibali vya uhamiaji si sharti la kuandikishwa shule. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982.